Kutoka Mto Tana hata Merikebu Iliyozama Mombasa

Mtu wa Garissa huipima nchi kwa maji. Akiulizwa habari za mahali fulani, hataanza na milima wala majumba. Atasema kama pana kisima, kisima hicho kina kina gani, na kama maji yake ni matamu au ya chumvi. Kwa mtu wa namna hiyo bahari ni jambo la ajabu, maana ni maji yasiyo na mwisho ambayo hata ngamia hayanywi. Basi habari za watu wanaoshuka chini ya maji hayo, si kwa kutafuta samaki wala lulu, bali kwa kuitazama merikebu iliyozama zaidi ya miaka 300 iliyopita, huenda zikamfanya msomaji wa huku bara kuuliza: Je, sisi yatuhusu nini?

Swali hilo ni la haki, nami nataka kulijibu. Naamini kwamba habari za merikebu hiyo zamhusu mkulima wa ukingo wa Tana, na mfugaji wa Wajir, na karani aketiye mezani na faili zake, kama zimhusuvyo mwenyeji wa Mombasa.

NJIA YA KWENDA PWANI

Gari litokalo Garissa kwenda pwani huvuka kwanza daraja la Tana na kuuacha mji nyuma upande wa mashariki. Baada ya Madogo njia hugeuka kuufuata mto kuelekea kusini: Bura, kisha Hola, kisha Garsen. Mara nyingi mto wenyewe hauonekani, lakini msafiri ajua ulipo kwa ule mstari wa miti mibichi ulio mbali kama ukingo wa kijani ulioshonwa kwenye nguo kuukuu. Upande mmoja ni miiba na vumbi. Upande wa mto ni migomba, miembe na mashamba ya Wapokomo, na njia za ng'ombe wa Waorma washukao kunywa.

Tana ni mto mrefu kuliko yote ya Kenya, yapata kilomita 1,000. Maji yake hutoka Mlima Kenya na safu ya Aberdare, nayo huchukua udongo mwekundu wa bara na kuumwaga baharini katika Ghuba ya Ungwana, karibu na Kipini. Mkulima wa ukingoni aijua tabia ya udongo huo. Furiko likipita, jembe lililosahauliwa shambani halionekani tena, maana limefunikwa. Watu wengi hudhani kwamba maji huharibu tu, lakini maji pia hufunika, na kilichofunikwa vema huweza kudumu. Naomba msomaji aliweke neno hili akilini, kwa kuwa tutalihitaji tukifika chini ya bahari.

Kutoka Garsen njia huliacha bonde la Tana na kwenda Malindi, Kilifi na mwisho Mombasa. Safari yote ni zaidi ya kilomita 400. Upepo hubadilika kabla ya mtu kuiona bahari. Huwa mzito na wenye chumvi, na shati lililokauka njia nzima huanza kushika mwili.

NGOME NA MAJI YALIYO CHINI YAKE

Katika kisiwa cha Mombasa, upande wa mashariki, panapoingia mfereji wa bandari ya kale, ipo Ngome ya Yesu. Wareno walianza kuijenga mwaka 1593, na fundi aliyeichora alikuwa Mwitalia, Giovanni Battista Cairati. Tangu 1895 ilitumika kuwa gereza, hata mwaka 1958. Baadaye ikafanywa makumbusho, na mwaka 2011 shirika la UNESCO liliiandika katika orodha ya urithi wa dunia.

Wageni wengi huingia, huitazama mizinga, hupiga picha, wakaenda zao. Ni wachache wakumbukao kusimama ukutani upande wa bahari na kutazama chini. Hakuna cha kuona ila maji, mashua za wavuvi na mawimbi madogo yapigayo mwamba. Lakini hapo hapo, katika kina kisichofika mita 20, imelala merikebu ya vita iliyoitwa Santo António de Tanná. Umbali wake kutoka ukuta wa ngome ni mfupi hata mtu aweza kuutembea kabla chai haijapoa, kama ungekuwa nchi kavu.

VITA VYA MIEZI 33

Merikebu hiyo iliundwa Bassein katika Bara Hindi, ikashushwa majini mwaka 1681. Nchi ile ilisifika kwa mbao za msaji, yaani mtiki, mti mgumu usiooza upesi. Ilichukua mizinga 42.

Katika Machi 1696 majeshi ya Imamu Saif bin Sultan wa Oman yaliizingira Ngome ya Yesu. Vita hivyo vilidumu hata Desemba 1698, yaani miezi 33. Waliokuwamo ngomeni hawakuwa Wareno tu; walikuwamo na Waswahili waliofungamana nao, waume kwa wake. Njaa na maradhi viliua watu wengi kuliko risasi.

Msaada ulitoka Goa kwa pepo za kaskazi. Siku ya Krismasi ya mwaka 1696 Santo António na wenzake walifika Mombasa chini ya Jenerali Luís de Melo Sampaio. Baada ya kushusha watu na vyakula walikwenda Msumbiji, kwa kuwa kaskazi humpeleka baharia kusini wala haimrudishi. Ilibidi kungoja kusi.

Wakati wa kungoja huko, ngome ilikaribia kuwa tupu. Tarehe 28 Agosti 1697 alikufa kapteni wa Kireno. Aliyeshika ngome baada yake ni Bwana Daudi wa Faza, pamoja na jamaa zake 17, wanaume Waafrika 8 na wanawake Waafrika 50. Faza iko kisiwani Pate, katika pwani ile ile inayopakana na watu wetu wa Ijara. Kwa muda wa majuma mawili na zaidi, watu hao ndio waliolinda kuta ambazo vitabu vingi huziita za Wareno. Katikati ya Septemba merikebu zilirudi kwa kusi.

Santo António haikutoka tena. Katika Oktoba 1697 mizinga ya Waomani ilizikata amari zake. Merikebu isiyo na nanga ni kama ng'ombe aliyekata kamba sokoni: mkondo ukaichukua, ikapanda mwambani, usukani ukapotea. Ikarudishwa chini ya ngome, na hapo ikazama. Ngome nayo ilianguka mwaka uliofuata, tarehe 13 Desemba 1698.

NAMNA YA KUSHUKA

Merikebu ilikaa kimya hata miaka ya 1960, wapiga mbizi wa Mombasa walipoyaona mabaki yake. James Kirkman, aliyekuwa mlinzi wa kwanza wa makumbusho ya ngome, aliandika habari zake mwaka 1972. Kisha, tangu 1977 hata 1980, wataalamu wa Institute of Nautical Archaeology ya Marekani, wakiongozwa na Robin Piercy na kushirikiana na Makumbusho ya Taifa ya Kenya, walikuja kwa misimu minne kuifukua.

Mimi si mpiga mbizi, lakini kazi yao yaweza kuelezwa kwa mtu yeyote aliyewahi kushuka kisimani.

Zamani mtu alishuka kwa pumzi yake tu, na pumzi ikiisha alipanda. Mwaka 1943 Wafaransa wawili, Jacques-Yves Cousteau na Émile Gagnan, walitengeneza chombo kimpacho mtu hewa kutoka mtungi uliofungwa mgongoni, kwa kiasi kile kile anachokihitaji. Tangu hapo mtu aliweza kukaa chini na kufanya kazi kwa mikono yake.

Lakini bahari haimsamehe asiyejua hesabu. Maji yana uzito, na kila mita 10 za kina huongeza mgandamizo sawa na ule wa hewa yote iliyo juu yetu. Mtu akiwa mita 10 chini, mgandamizo umekuwa maradufu. Akiwa mita 20, umekuwa mara tatu. Chukua mpira, ujaze hewa ukiwa mita 10 chini, kisha uuache upande: ukifika juu, hewa ile itataka nafasi maradufu. Hivyo ndivyo yalivyo mapafu. Mpiga mbizi akipanda huku ameziba pumzi, mapafu yake huweza kupasuka. Kwa hiyo amri ya kwanza ni kwamba usizuie pumzi kamwe.

Amri ya pili ni kupanda polepole. Hewa inayovutwa kwenye mgandamizo mkubwa huingia katika damu kama ile hewa iliyomo katika chupa ya soda. Ukiifungua chupa taratibu, haifuriki. Ukiifungua kwa ghafula, povu hutoka. Mtu akipanda kwa haraka baada ya kukaa sana chini, mapovu hufanyika ndani ya damu na viungo vyake, naye huweza kulemaa au kufa. Ndiyo maana kila mmoja hushuka na mwenzake, kila mmoja ana saa mkononi, na aliye juu mashuani huandika nani ameshuka, saa ngapi, na atoke saa ngapi.

Tena kuna baridi. Mtu wa Garissa, ambaye jua la saa saba humtafuta hata kivulini, hataamini kwamba mtu aweza kutetemeka Mombasa. Lakini maji hunyang'anya joto la mwili mara 20 na zaidi kuliko hewa. Maji yaliyo vuguvugu mkononi huwa baridi mifupani baada ya saa moja, na aliyeshikwa na baridi husahau hesabu. Kwa hiyo hata huku kwetu wafanyakazi wa chini huvaa nguo za mpira. Katika bahari za Ulaya, ambako maji hukaribia kuwa barafu, huvaa nguo zisizopenyeza hata tone.

Na mfereji wa Mombasa una jambo lake la ziada, nalo ni mkondo. Maji hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na yakienda kwa nguvu huchukua mtu na matope pamoja. Siku nyingine mpiga mbizi haoni mbele zaidi ya urefu wa mkono wake.

DAFTARI CHINI YA MAJI

Sasa nafika kwenye jambo lililonifanya nichukue kalamu. Watu wengi wakisikia habari za merikebu iliyozama hufikiri habari za dhahabu. Hudhani kwamba kazi ni kushuka, kunyakua na kupanda. Lakini wale walioshuka Mombasa walikuwa wakifanya kazi ya karani.

Desturi hii yao ina mwanzo wake. Mwaka 1960 Mmarekani George Bass alifukua merikebu ya kale sana pwani ya Uturuki, mahali paitwapo Cape Gelidonya. Kabla yake, mabwana wasomi walikaa juu mashuani wakawatuma wapiga mbizi kuwaletea vitu. Bass alikataa. Alisema mwenye elimu ya mambo ya kale ashuke mwenyewe, apime mwenyewe, na chini ya maji pafukuliwe kwa uangalifu ule ule wa nchi kavu. Yeye ndiye baadaye aliyeanzisha chuo kile kilichokuja Mombasa.

Katika kazi kama hii, mahali pote palipo na mabaki hugawanywa kwa miraba, na kila mraba hupewa jina au namba kama viwanja vya mji. Mchanga huondolewa kidogo kidogo kwa bomba linalofyonza kwa nguvu ya hewa, na mkono wa mtu hupepea vumbi la mwisho kama apepeaye ngano. Kitu kikionekana hakiguswi. Kwanza hupimwa kutoka pembe za mraba, kisha huchorwa, kisha hupigwa picha, kisha hupewa namba, ndipo huondolewa. Wino haufai majini, lakini kalamu ya risasi huandika vizuri juu ya karatasi za plastiki. Makarani wenzangu watafurahi kusikia kwamba hata chini ya bahari kazi haiendi bila kalamu ya risasi.

Kwa nini kujisumbua hivyo? Kwa sababu kitu peke yake husema neno moja tu, na kitu kikiwa mahali pake husema habari nzima. Bakuli la kauri ya China likiwa sokoni ni bakuli zuri tu. Likiokotwa nyuma ya merikebu, walikolala wakubwa, karibu na vitu vingine vya mezani, latuambia nani alilia chakula katika nini, na biashara ya China ilifika wapi. Chungu cha kupikia kikiwa karibu na mawe yaliyoungua chaonyesha jiko lilikuwa wapi. Barua za Goa zaeleza habari za majenerali. Vyungu, vitana na risasi zaeleza habari za mabaharia ambao hakuna aliyewaandika. Wafukuzi walipata vyombo vya udongo, kauri, mizinga, risasi na mbao zilizochongwa, na baadhi ya vitu hivyo msafiri aweza kuviona makumbushoni ndani ya ngome.

Lakini kitu kilichoondolewa bila kuandikwa hakisemi tena, hata kikiwekwa kabatini kwa kioo. Wahenga wamesema, mali bila daftari hupotea bila habari. Walisema habari za duka, lakini ni kweli pia chini ya bahari.

SWALI LA MZEE

Niliporudi Garissa niliisimulia habari hii mkahawani, karibu na soko la mifugo. Alikuwapo mzee mmoja mfanyabiashara wa ng'ombe, mtu mwenye maneno machache. Alisikiliza hata mwisho, nilipofika pale kwamba mwaka 1980, baada ya kuupima na kuuchora mwili wa merikebu, wenye kazi waliuacha chini na kuufunika tena.

Akasema: "Mwanangu karani, kwetu mbuzi akitumbukia kisimani akafa, hatulali mpaka ametolewa. Hao wameiona maiti ya chombo, wameipima, wameiandika, kisha wameirudishia mchanga. Hiyo ni akili gani?"

Nikamwuliza: "Mzee, gogo lililolala mtoni miaka mingi, ukitaka lisipasuke, utaliweka wapi?"

Akafikiri kidogo, akasema: "Halitoki majini. Likitoka juani hapa Garissa, kesho kutwa ni kuni."

"Basi, mzee," nikamwambia, "hiyo ndiyo akili yao."

Wote wakacheka, naye akaongeza: "Sasa nimeelewa. Hawakuizika, wameiwekea akiba."

BAHARI BARIDI NA BAHARI YETU

Maneno ya mzee yule yana ushahidi katika nchi za mbali. Mwaka 1628 merikebu mpya ya mfalme wa Sweden iitwayo Vasa ilizama bandarini Stockholm katika safari yake ya kwanza kabisa. Ilikaa chini miaka 333. Mwaka 1961 iliinuliwa karibu nzima, na leo watu huenda kuitazama ndani ya nyumba iliyojengwa kwa ajili yake. Bahari ile ni ya baridi, na maji yake yana chumvi kidogo, hata wale wadudu wa baharini watoboao mbao hawawezi kuishi humo. Ndiyo sababu mbao zilibaki.

Bahari yetu ya joto ina wadudu hao tele. Nahodha yeyote wa jahazi awajua, na ndiyo maana vyombo hupandishwa pwani vikasafishwa na kupakwa shahamu na chokaa. Katika Santo António kila ubao uliobaki wazi juu ya mchanga uliliwa. Kilichosalia ni sehemu ya chini, yaani mkuku na mataruma na mbao zilizozama katika mchanga na matope, mahali ambapo mdudu hapati hewa. Hapa twarudi kwenye lile jembe lililofunikwa na furiko. Katika bahari baridi, baridi yenyewe husaidia kulinda. Katika bahari yetu mlinzi ni matope peke yake. Ukiondoa matope, umemfukuza mlinzi.

Tena mbao zilizolowa karne nyingi hazitolewi bure. Maji yameshika nafasi ya nyama ya mti. Yakikauka, ubao hujikunja na kupasuka. Vasa ilinyunyiziwa dawa ya namna ya nta kwa miaka 17 ili dawa ishike mahali pa maji, na hata leo lazima hewa ya nyumba yake ilindwe usiku na mchana. Chuma nacho kina taabu zake: mzinga uliotoka baharini lazima utolewe chumvi kwa muda mrefu, ama sivyo hubomoka tabaka kwa tabaka. Kuinua chombo kizima ni sawa na kuzaa mtoto ambaye hatakua kamwe na atahitaji kulishwa milele. Kwa hiyo mataifa yaliyofanya mapatano ya UNESCO mwaka 2001 juu ya urithi ulio chini ya maji yalikubaliana kwamba shauri la kwanza liwe kuuacha mahali pake, na kufukua kuwe kwa sababu nzuri.

YALIYO KARIBU NA SISI

Wala tusidhani kwamba mambo haya ni ya Mombasa tu. Wenyeji wa kisiwa cha Pate husimulia tangu zamani habari za mabaharia wa China ambao chombo chao kilivunjika karibu na pwani hiyo. Tangu mwaka 2010 wataalamu wa China na wa Kenya walifanya kazi pamoja katika pwani ya Lamu na Malindi wakitafuta mabaki ya vyombo vya kale. Na kazi hii siyo tena ya wageni peke yao. Mkenya, Bwana Caesar Bita wa Makumbusho ya Taifa ya Kenya, amejulikana sana kwa kuongoza uchunguzi wa chini ya bahari katika pwani yetu.

Kazi hiyo ina haraka. Gati ya kwanza ya bandari mpya ya Lamu ilifunguliwa mwaka 2021, na njia ya bandari hiyo imekusudiwa kuja hata Garissa. Ni jambo jema kwa mwenye ng'ombe na mwenye maembe. Lakini bandari haijengwi bila kuchimba kina, na mashine ichimbayo kina haijui tofauti ya mwamba na mkuku wa merikebu. Nyavu nzito zikokotwazo chini hazijui pia. Mahali palipolala salama miaka 500 paweza kuharibika kwa asubuhi moja, kama hapana aliyetangulia kushuka, kupima na kuandika.

Na huku kwetu bara? Bahari hatuna, lakini tunavyo visima vya kale vya Wajir, vilivyochimbwa katika mwamba wa chokaa. Yako na marundo ya mawe juu ya makaburi ya zamani, yaliyotawanyika katika nchi yote ya kaskazini. Wazee husimulia kwamba ni kazi ya watu walioitwa Madanle, waliokuwa hapa kabla ya jamaa zilizopo leo. Hao hawakuacha barua wala daftari. Daftari lao ni yale mawe, na namna yalivyopangwa.

Sasa mjenzi akitaka mawe, rundo lililo karibu na njia humtamanisha kuliko machimbo yaliyo mbali. Na mwingine husikia uvumi wa hazina, akachimba usiku, akakuta mifupa na shanga chache, akazitupa. Asubuhi mwenye kupita huona shimo tu. Yule aliyepanga mawe hayo amekufa mara ya pili, na mara hii hakuna atakayemfufua, kwa sababu ushahidi umetawanywa.

Sheria ya Makumbusho na Urithi wa Taifa ya mwaka 2006 yasema kwamba vitu vya kale vilivyo ardhini ni mali ya Serikali, na mtu akivigundua imempasa kutoa taarifa. Lakini sheria iko Nairobi, na rundo la mawe liko nyikani. Aliye karibu nalo ni mchungaji, mkulima, mwalimu wa shule na karani wa chifu. Hao ndio wawezao kulilinda au kuliacha lipotee.

Hakuna haja ya mtungi wa hewa wala nguo za mpira. Mkulima akilima akagonga kigae au jiwe lililochongwa, asilitoe upesi. Aweke alama mahali pale, apime hatua kutoka mti au mpaka wa shamba, amwite chifu au mwalimu aandike, na habari ipelekwe Makumbusho. Mchungaji aonaye mawe ya kale yanachukuliwa aseme barazani. Na sisi makarani tusiifungie taarifa ya namna hiyo ndani ya faili kwa kudhani ni habari ndogo, maana huenda ikawa ndiyo daftari pekee ambalo watu wale waliwahi kuandikwa.

Huko Mombasa watu walishuka katika mkondo, na baridi, na giza la matope, ili kuandika mahali bakuli moja lilipolala. Sisi ambao urithi wetu uko juani, karibu na njia tupitayo kila siku, hatuna udhuru wa kushindwa kufanya kazi iliyo nyepesi kuliko hiyo.